Mfuniko Niliomvika Nafula

Jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Komarock ana mtoto anayependa kugonga mtungi. Ni ule mtungi wa njano wa lita ishirini. Ukiwa mtupu hutoa sauti nene, ya tumboni. Ukiwa na maji nusu, sauti hupanda na kuwa kama ya mtu anayetaka kusema jambo akasita. Mama yake humkemea, naye hunyamaza kidogo, kisha huanza tena. Mimi nikiwa chini huku, kalamu mkononi, huacha kuandika. Siku nyingine huenda bafuni kufungulia maji ili nisisikie.

Habari hii nimeiandika mara kumi na moja. Kila mara niliipamba, na kila nilipoipamba nilijikuta nimetoka ndani yake mwema kuliko nilivyokuwa. Nikaichana. Safari hii nitaiacha ilivyo, hata kama sentensi zake hazitanyooka, nawe msomaji utanivumilia.

Tuliishi Mukuru kwa Njenga, kwenye ploti ya mabati yenye milango kumi na miwili inayotazamana, sita huku na sita kule, na katikati mfereji wa maji machafu tuliojifunza kuuruka kabla ya kujifunza kusoma. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabeseni kule Industrial Area. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na shati lake lilinuka plastiki iliyoyeyuka hata likifuliwa mara tatu. Mama alisafisha nyumba za watu mtaa wa Fedha. Mimi, Nekesa, nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Nafula alikuwa na miaka mitatu na miezi, na alikuwa hajasema neno hata moja.

Hakuwa kiziwi. Mama alimpeleka kliniki, muuguzi akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, Nafula akageuka haraka mpaka muuguzi akacheka. "Huyu anasikia hata nzi akiamua kutua," alisema. "Mngojeeni." Lakini kwenye ploti hakuna anayekungojea. Watoto wenzangu walinisubiri pale bombani.

"We Nekesa, siste yako amemeza ulimi ama?"

"Niaje Nafu? Nafu, sema niaje. Ona! Ni bubu, nawaambia."

Nilijifanya sisikii. Kwa kweli nilisikia kila neno, na sikuwa na huruma kwa Nafula, nilimwonea haya. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Daftari langu likiwa na kosa moja nilirarua ukurasa mzima na kuandika upya, na sasa nyumbani kwetu kulikuwa na kosa ambalo sikuweza kulirarua.

Ndipo Baba alipomwita mama yake kutoka Bungoma aje akae na Nafula mchana. Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, aliteremka akiwa na mkoba, mwavuli, na kuku mwekundu ndani ya kikapu. Baba alisema kuku huyo ni wa Jumapili. Jumapili ilipofika, kuku alikuwa ametaga yai ndani ya kiatu cha kazi cha Baba, na Kukhu akatangaza kwamba mfanyakazi hachinjwi. Kuku akabaki nasi, akilala chini ya meza, akila makombo ya ugali.

Kukhu hakumbembeleza Nafula aseme, wala hakumwambia "sema mama, sema maji" kama sisi tulivyofanya, tukimkazia macho kama askari. Alivuta mtungi wa maji kati ya magoti yake na kuupiga kwa viganja, polepole, akiimba kwa Kibukusu chochote kilichokuwa mbele yake. Aliimba jinsi alivyoamka. Aliimba kiatu cha Baba. Aliimba kuku: asubuhi ametoka nani, amepita mlangoni nani, ameketi kwenye kiatu nani? Kisha, mahali pa neno la mwisho, alinyamaza. Alipiga mtungi mara mbili, pu-pu, akaacha mkono hewani na kumtazama Nafula. Akingoja kiasi cha kutosha alimalizia mwenyewe, engokho, yaani kuku kwa Kibukusu, akaendelea bila kulaumu mtu.

Wiki ya kwanza Nafula alitazama tu. Ya pili akaanza kupiga mtungi yeye mwenyewe pale kwenye ukimya, pu-pu, kwa wakati wake hasa, bila kuchelewa. Halafu siku moja, nikiwa mlangoni navua soksi za shule, pale pale mahali pa neno, alitoa sauti. Haikuwa neno bado. Ilikuwa na kimo cha neno na urefu wa neno, ikishuka mwishoni kama inavyotakiwa, lakini herufi zilikuwa bado hazijafika. Kukhu hakupiga kelele wala kushangilia. Aliendelea na ubeti uliofuata kama vile mtoto amekuwa akimjibu tangu azaliwe.

"Mtoto husikia mguu kabla ya jina," aliniambia. "Wewe ukija, najua ni wewe kwa mwendo. Jina nitakuita baadaye." Niliona ni maneno ya kizee.

Kulikuwa pia na kitabu. Kilikuwa changu, cha shule, cha Kiingereza, kimetoka jalada. Kukhu hakujua kusoma, ila alimweka Nafula mapajani na kukifungua, na alipofika kwenye picha ya basi alilipigia honi kwa mapigo matatu, na kwenye picha ya mvua alipapasa kwa vidole mgongoni mwa mtoto mpaka Nafula akajikunja kwa kicheko. Kila siku alisoma hadithi tofauti kutoka kurasa zile zile. Jambo hilo lilinikera.

"Kukhu, hapo haijaandikwa hivyo!"

"Kwani imeandikwaje?"

Nilimsomea, kwa Kiingereza, nikitamka kila herufi.

"Na huyo dereva," akauliza, "hana jina? Hana mama? Hajala?"

"Haijaandikwa."

"Basi waliandika wakiwa na haraka." Akamgeuzia Nafula ukurasa.

Nilikinyakua kitabu. Tangu siku ile nilimsomea Nafula mimi mwenyewe, sawasawa, huku nikimkataza kugusa picha. Alikaa dakika mbili, akateremka, akamfuata kuku chini ya meza.

Sasa nifike kwenye diski. Kama ulisoma shule za upande wetu huenda hunihitaji nikueleze, lakini nitaeleza. Shule yangu ilikuwa akademi ndogo ya mabati, na fahari yake ilikuwa Kiingereza. Atakayesikika akiongea lugha ya nyumbani, au Sheng, au hata Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, alivishwa shingoni kipande cha mbao chenye kamba. Hiyo ndiyo diski. Ungeivaa mpaka umnase mwingine akikosea, umvishe yeye. Atakayekutwa nayo jioni aliadhibiwa mbele ya gwaride. Sijawahi kuivaa, siku hata moja, kwa miaka minne. Kwa ajili hiyo nilifanywa kiranja wa lugha: mimi ndiye niliyeitunza ile mbao na kuitoa asubuhi. Mwalimu mkuu alipenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na alisema akiniangalia mimi, kana kwamba nimekunjika vizuri.

Mwezi wa kumi na moja aliniambia nimlete mdogo wangu Januari, aanze chekechea. Kutakuwa na mahojiano mafupi. Ataulizwa jina lake na ataonyeshwa picha chache. Nilimwambia Mama, na Mama, aliyekuwa akisugua vyoo vya watu waliokuwa na watoto wanaoongea Kiingereza kama redio, akakaa kitandani na kulia kwa furaha. Kisha akaniuliza, "Ataweza?"

Nikamwambia ataweza. Niachie mimi.

Nilichukua mfuniko wa kopo la mafuta ya kupikia, nikautoboa kwa msumari, nikatia kamba ya kiatu. Nikatangaza sheria. Nyumbani kwetu, tangu sasa, ni Kiingereza. Na kwa asiyejua Kiingereza, ukimya. Atakayeimba Kibukusu atavaa mfuniko. Atakayekuwa nao wakati wa ugali atakula wa mwisho. Baba alicheka akasema amekuwa na mkoloni ndani ya nyumba. Mama hakucheka. "Mwacheni," alisema. "Anamsaidia mtoto."

Kukhu ndiye aliyevishwa wa kwanza, kabla jua halijafika mlangoni. Aliupangusa mfuniko kwa kanga, akaukalisha vizuri kifuani na kutoka nao bombani.

"Mama Wafula, umepewa medali ya nini?" wanawake wakamwuliza. Wafula ni Baba.

"Ya kuimba! Serikali ya mjukuu wangu imenitambua."

Bomba zima lilicheka. Nilirudi ndani nikiwa nimevimba. Kwa wiki nzima alivaa mfuniko kutwa na kula wa mwisho, bila kulalamika. Nafula alimtazama kila siku, Kukhu akiwa amekaa na sahani yake tupu akingoja sisi tumalize. Sikuwaza kwamba mtoto wa miaka mitatu anaweza kusoma picha kama hiyo.

Jumamosi moja nilikuwa nafua uani. Kukhu alikuwa amesinzia kwenye kigoda, mtungi kando yake. Nafula aliuendea, akakaa chini, akaweka viganja. Akapiga. Na akaimba, peke yake, bila mtu kumwanzishia: ubeti mzima wa kuku, kutoka mwanzo, maneno yake nusu yamevunjika na mengine yamebadilishana viti, lakini yalikuwa maneno. Alipofika mwisho alinyamaza kama Kukhu, pu-pu, mkono hewani, kisha akajijibu kwa sauti kubwa kabisa: engokho!

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza duniani. Watoto wa jirani waliokuwa wakicheza bano, gololi za kioo, waliacha. Mmoja akasema, "Si mlisema ni bubu?"

Nami, naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo huwa napapamba, sikufurahi. Nilisikia Kibukusu. Nilisikia kosa, mbele ya watu. Nilifuta povu mikononi, nikautoa mfuniko shingoni mwa Kukhu aliyelala, nikamvika Nafula.

Hakulia. Aliinamisha kidevu, akautazama ule mduara wa bati ulivyomfikia tumboni. Halafu akaondoa viganja vyake kwenye mtungi, kimoja, kisha cha pili.

Kukhu alikuwa ameamka. "Nekesa," alisema, na hakuwa anacheka, "umemvika nini mtoto?"

"Sheria ni sheria, Kukhu."

Aliinua kigoda na mtungi. Kisha akaingia ndani, na siku ile hakukuwa na wimbo.

Januari Mama hakupewa ruhusa kazini, hivyo ni mimi niliyempeleka Nafula kwenye mahojiano. Nilikuwa nimemfunza mwezi mzima. Nilimwuliza jina lake kwa Kiingereza mara hamsini kwa siku, na mara hamsini akatazama mdomo wangu bila kusema kitu. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kapeti, na harufu ya chaki na mandazi. Nilisimama nyuma ya kiti cha Nafula na beji yangu ya ukiranja.

Mwalimu mkuu hakuwa mkali. Alimwuliza jina. Kimya. Akatabasamu, akamwonyesha picha ya mpira. Kimya. Akageuza nyingine, na ilikuwa picha ya kuku, mwekundu, mnene, amesimama kwenye nyasi. Akamwuliza kwa Kiingereza, polepole, hiki ni nini.

Nafula aliinama mbele. Akaweka mkono ukingoni mwa meza. Akagonga mara mbili kwa vidole, pu-pu, akauinua mkono, na akageuka kunitazama mimi.

Nilijua. Sitajificha nyuma ya umri wangu: nilijua papo hapo, kama unavyojua mtu aliye mlangoni kabla hajabisha. Alikuwa na neno mdomoni, lakini lilikuwa limeketi mwishoni mwa ubeti, na kulifikia alihitaji mtu amwimbie mwanzo. Maneno matatu tu. Asubuhi ametoka nani, kwa sauti ndogo, ingetosha. Angejibu. Angejibu kwa Kibukusu, lakini mwalimu mkuu angesikia kwamba mtoto huyu anaongea, na mtoto mwenyewe angejisikia.

Lakini mimi ndiye niliyetunza mbao. Ilikuwa pale pale, imetundikwa ukutani nyuma ya kiti cha mwalimu, na kamba yake niliifunga mimi. Nilitazama kapeti.

Nafula aligonga tena. Pu-pu. Akangoja. Mara ya tatu aligonga pole sana, hata sina hakika mwalimu mkuu alisikia. Kisha mkono ukarudi mapajani.

"Hajawa tayari," mwalimu mkuu aliniambia. "Tumjaribu mwakani. Na huko nyumbani, mnamchanganyia lugha?"

Nikasema, "Nyanya yetu humwimbia."

Nilisema hivyo. Niliulizwa, na nikamtaja Kukhu.

Mama alipopata habari hakusema chochote kwa mama mkwe wake, hangethubutu. Alimwambia Baba. Jioni ya tatu Baba alikohoa, akasema akitazama sahani, "Mama, nafikiri shamba liko peke yake sana huko."

Kukhu alitafuna, akameza. "Ndiyo," akasema. "Shamba." Wiki iliyofuata alipanda basi na mkoba wake na mwavuli. Kuku alimwacha kwetu. Tulimla Pasaka, na Nafula hakugusa nyama.

Baada ya hapo hakusema neno mpaka alipokaribia miaka sita, na alipoanza kusema alisema machache, moja moja, kama mtu anayepitisha vitu chini ya mlango. Shule zilimshinda. Walimu walimwita mzito. Sasa ana miaka ishirini, anasuka nywele kwenye kibanda huko huko Mukuru, na wateja humpenda kwa sababu hapigi umbea. Ukimpigia simu anasema "sawa" na "eeh". Ukikaa naye kutwa utaondoka na maneno kumi.

Sikusomea mambo haya. Nafanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi, na kazi ikipungua husoma mtandaoni, bila mpango, usiku na mchana, kila kitu kuhusu jinsi watoto wanavyopata lugha. Nimesoma kwamba mapigo na kupanda na kushuka kwa sauti humfikia mtoto kabla ya maneno. Kwamba wimbo humwonyesha neno linapoanzia na linapoishia. Kwamba kitabu humfaa anapopewa zamu ndani yake, si anaponyamazishwa mbele yake. Kila nilichosoma nilikuwa nimekiona tayari, kwenye kigoda, kikifanywa na mwanamke asiyejua kusoma. Nilikiona na nikakitungia adhabu. Kuna siku najiambia labda Nafula angekuwa hivyo hivyo tu, kuna watoto wa namna hiyo. Inawezekana. Sitajua kamwe, na nimegundua kwamba kutojua hakunipunguzii kitu.

Mwaka jana nilimpigia Kukhu, nikamwomba aniimbie ule wimbo wa kuku nirekodi. Alishangaa, akacheka, akaanza, sauti yake imekuwa kama karatasi. Alipofika mwisho wa ubeti akaacha.

"Endelea, Kukhu."

"Wimbo hauendi mbele ya hapo, mwana wangu. Ubeti wa pili ulitegemea atakavyojibu. Mimi nilikuwa namfuata yeye."

Niliuliza kama anakumbuka angalau kipande. Hakukumbuka. Kwa miaka hiyo yote nilidhani nilimnyamazisha mwanafunzi. Kumbe yule mtoto alikuwa tayari anatunga, na bikizee wa watu alikuwa akimpigia mtungi.

Nafula amejifungua. Msichana, ana miezi minane, macho makubwa ya kufuata kila kitu. Jumapili huwatembelea. Chumba kiko kimya, safi, nguo zimekunjwa. Nafula humnyonyesha, humbadilisha, humlaza, yote kwa mikono mipole na mdomo uliofungwa. Nimejaribu kuimba; sijui kuimba, nasita kila sauti inapopotoka, naanza upya, naanza upya tena. Kwa hiyo nimemnunulia mtoto kitabu chenye picha. Namweka mapajani, nasoma. Nasoma vizuri, kila neno mahali pake. Ananitazama mdomo kwa muda, kwa makini kabisa. Halafu anageuza uso wake ukutani.